Wikendi Mlima Meru: Miriakamba inatosha, kilele kinadai siku ya nne

Meru hutangazwa sana kama mlima wa wikendi: toka Ijumaa, rudi Jumapili, picha ya kileleni mkononi. Inawezekana, na watu wanafanya. Ila kwa anayeanzia kazi Jumatatu saa mbili asubuhi, kinachostahili sifa ni kile ambacho matangazo hukitaja kwa mstari mmoja tu, yaani kulala usiku mmoja kwenye vibanda vya Miriakamba, kituo cha kwanza cha njiani, na kutembea ndani ya kreta, lile shimo kubwa la volkano. Kilele kwa siku tatu tunakipa alama ndogo, na sababu ni hesabu tu.

Geti la Momella liko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Miriakamba ni 2,514, Saddle, kituo cha pili cha kulala, 3,570, kilele 4,566. Kwa ratiba ya siku tatu, siku ya mwisho unaamshwa saa saba usiku, unapanda karibu mita 1,000 gizani, kisha unashuka mpaka getini. Hizo ni zaidi ya mita 3,000 za kuteremka kwa miguu ambayo haijalala. Mapafu hupumua vizuri zaidi kila unaposhuka, magoti ndiyo yanayolia. Ratiba ya siku nne inakulaza tena Miriakamba baada ya kilele, na nyongeza ya bei hapo ni halali kabisa.

Kufika ni rahisi. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, unakata kushoto Usa River, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa geti la Ngongongare, kisha unapita Serengeti Ndogo, ambako twiga na nyati huonekana bila hata kushuka kwenye gari. Kosa la kawaida ni kwenda na noti mfukoni. Getini hawapokei fedha taslimu, malipo ni kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali) au kadi, kwa hiyo weka salio kwenye simu kabla mtandao haujaanza kusumbua. Raia wa Afrika Mashariki abebe kitambulisho halisi, maana viwango vyake viko chini sana kuliko vya mgeni. Picha ya kitambulisho kwenye simu ni kutafuta mabishano.

Uwe Momella kufikia saa tatu na nusu asubuhi. Hapa hakuna kupanda peke yako: kila msafara unakwenda na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu msitu una nyati na tembo, na njia zao ndizo hizo hizo za watu. Askari mmoja huweza kuunganishiwa makundi mawili au matatu, na hapo mwendo wenu wote ni wa yule anayekwenda taratibu kuliko wengine. Ukiwa na haraka, utakasirika bure. Ukiwa wewe ndiye wa mwisho, usione aibu.

Njia za kufika Miriakamba ni mbili. Fupi ina mwinuko mkali na huchukua saa tatu hadi nne. Ndefu inapita karibu na maporomoko ya Tululusia na chini ya ule mtini mkubwa uliojipinda kama tao la lango, na huchukua saa tano au zaidi. Pandia ndefu, shukia fupi. Ndefu ina kivuli, mbega wapo juu ya miti, na mwili unapata muda wa kuzoea. Fupi wakati wa kurudi inakutoa haraka na kukupa uwanda ulio wazi wa kuangalia wanyama.

Vibanda vya Miriakamba ni vya mbao, vyumba vina vitanda vya ghorofa na magodoro, jiko liko jengo la pembeni. Shuka na blanketi ni juu yako. Ubao haufichi kitu: mkoromo wa chumba cha tatu utausikia kama uko kando yako, basi vizibo vya masikio viwe kwenye begi. Baada ya chakula cha mchana usilale. Omba askari awapeleke kwenye sakafu ya kreta, mwendo wa saa moja na ushee. Hapo ndipo Meru inapojieleza: upande mmoja kuta za mwamba zimesimama kama mita 1,500 kwenda juu, katikati kuna koni ya majivu, na upande wa mashariki hakuna ukuta kabisa, kwa kuwa mlima uliwahi kubomoka ukamwagika upande huo. Wengi wanaokimbilia kilele hulipita eneo hili bila kuliona. Kwa siku mbili, Jumamosi mpaka Jumapili mchana, hii ndiyo safari tunayoipendekeza bila masharti.

Anayeng'ang'ania kilele ajue kinachoharibika huko juu. Kwanza ni chakula. Saddle maji yanachemka kwenye nyuzi kama 88 tu, kwa hiyo maharage hayaivi hata ukeshe nayo, na wali unabaki na kiini. Maharage yachemshwe nyumbani, huko juu yapashwe tu. Pili ni maji: mpira wa kunyonyea wa mfuko wa maji wa begini unaganda kabla ya alfajiri. Kila ukimaliza kunywa, puliza maji yarudi kwenye mfuko, au tumia chupa iliyofungwa vizuri ukiibeba kichwa chini, maana barafu huanzia juu na mdomo unabaki wazi. Tatu ni tochi ya kichwani. Baridi inamaliza betri, basi lala nayo ndani ya begi la kulalia.

Kutoka Saddle hadi Rhino Point ni kama saa moja, halafu kuna kipande kifupi cha mwamba ambapo mikono inafanya kazi sawa na miguu. Asubuhi za Julai na Agosti mwamba huo unaweza kuwa na barafu nyembamba isiyoonekana kwa tochi, kwa hiyo glovu ziwe za kushika, za sufi huteleza. Kichwa kikiuma lakini kinatulia kwa maji na kupumzika, endelea polepole. Ukitapika, ukayumba kama mlevi au ukaanza kuchanganya maneno, shuka wakati huohuo, hata kama kibao cha kilele kinaonekana. Mchana unaotangulia usiku wa kilele, panda Meru Mdogo, mita 3,820, uguse juu na urudi kulala Saddle. Mwili uliokwisha kuonja hewa hiyo haulalamiki sana usiku.

Ukipewa bei na wakala, usiulize jumla tu. Uliza kama ada ya hifadhi, vibanda, uokoaji, askari na VAT vyote vimo, na wagumu, yaani wabeba mizigo, wanalipwa kiasi gani kwa siku. Bei iliyo chini sana kuliko za wenzake mara nyingi imekatwa kwenye malipo ya wagumu au kwenye sufuria, na utaigundua Saddle, ambako hakuna duka.

Machi mpaka Mei achana nayo: njia ya msituni inageuka utelezi na kilele kinajifunika siku nzima. Juni mpaka Oktoba ndiyo msimu. Ukiweza, ifuate wikendi iliyo karibu na mwezi mpevu. Ukingo wa kreta unaonekana wote bila tochi, na kabla jua halijatoka utaiona Kilimanjaro upande wa mashariki, nyeusi, juu ya mawingu.