Adapta za chipu ndogo kwenye bredibodi: ununue ipi?

Kabla hujatoa hela, angalia kama chipu unayoitaka inapatikana pia kwa umbo la DIP, lile la miguu mirefu inayoingia moja kwa moja kwenye bredibodi (ubao wa mashimo wa kujaribia saketi bila kulehemu). Ikipatikana, nunua hiyo, usijisumbue. Tatizo ni kwamba chipu nyingi mpya hazina DIP kabisa; hizo zinataka adapta, yaani kitu cha kuunganisha miguu yao midogo na mashimo ya bredibodi.

Chaguo langu la kwanza ni kibao kitupu cha pande mbili: huku nafasi ya SOIC, kule ya TSSOP, maumbo mawili ya chipu ndogo za kulehemu juu ya kibao. Huuzwa kwa mafungu, kwa hiyo kimoja kikiungua hulii. Ila usinunue kwa kuhesabu miguu tu, kama nilivyofanya mimi. Nane ni nane, nikajiambia. Kumbe miguu ya SOIC hupishana milimita 1.27, ya TSSOP 0.65, basi chipu yangu ya TSSOP ilipokaa kwenye nafasi ya SOIC, miguu miwili ikalalia njia moja ya shaba. Pima na upana pia, maana SOIC ya miguu 16 huja na mwili wa milimita 3.9 au 7.5.

Kisha tazama umbali kati ya safu mbili za pini. Ukiwa milimita 7.62, bredibodi inakubakizia mashimo manne ya waya kila upande. Ukiwa 15.24, unabaki na matatu huku na mawili kule, na kingo za kibao zikitokeza nje ya pini zinaziba mengine. Lehemu chipu kwanza, pini baadaye, zitokee upande usio na chipu. Flaksi, dawa ya kusaidia lehemu ishike mahali pake, nunua siku hiyohiyo. Bila hiyo, miguu ya 0.65 itaganda pamoja.

Chipu isiyo na miguu, yaani QFN? Tafuta kibao chenye tundu katikati, ili ulehemu lile bati la tumboni kutokea nyuma.

Ya pili ni moduli iliyokwisha kulehemiwa. Inakuokolea macho, na mara nyingi kapasita ya nanofaradi 100, ya kutuliza umeme wa chipu, imeshawekwa ubavuni mwa chipu. Lakini kagua rizista zake: ukiunganisha moduli kadhaa kwenye laini moja ya I2C (njia ya waya mbili ambayo chipu huwasiliana kwayo), rizista za kuvutia juu za kila moja, zile zinazoivuta laini kwenye volti ya juu, zinaungana sambamba, ukinzani unashuka na mzigo unazidi.

Soketi ya kubana, inayoshika chipu bila kulehemu, naiweka ya tatu. Ni ghali; inafaa ukiwa unaingiza programu kwenye chipu nyingi moja baada ya nyingine.

Mwisho kabisa: chipu chali kama mende aliyekufa, kila mguu na waya wake mwembamba. Ya miguu mitano nimeiweza. Ya 14 sithubutu.