Lami au nyasi: utue wapi na kandege kako?

Ukiwa na viwanja viwili vya kuchagua, kimoja lami kingine nyasi, usiangalie urefu tu jamani. Lami haina mambo mengi, unasoma namba za kitabu cha ndege, unaongeza akiba, unaruka. Nyasi ndo kuna hesabu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inashauri uongeze asilimia 20 kwenye umbali wa kuruka nyasi zikiwa kavu, 30 zikiwa zimelowa, na kutua ni 15 kwa kavu na 35 kwa zilizolowa maana tairi halishiki hata ukanyage breki vipi. Yaani mita 400 za kuruka kwenye lami zinakuwa 520 kwenye nyasi zilizolowa, na hapo bado akiba ya usalama, wanasema uzidishe tena kwa 1.33, unafika karibu 690!

Nyasi zina uzuri wake, tairi haziliki sana. Ila mvua ikiwa imenyesha na ndege imejaa, mimi naenda lami hata kama iko mbali, na kama hakuna lami basi kabla ya kuruka natembea njia nzima kwa miguu nikitafuta sehemu zenye tope.