TAHADHARI: Pumpkin Show ya Circleville haina tiketi ya kuingilia, msimlipe mtu

Jamani ndugu zangu wa Columbus na Ohio yote kwa ujumla, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, naombeni mnisome maana lile tangazo la mwaka jana limerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp, limebadilishwa rangi na namba ya simu tu. Lile lenye picha ya maboga na watoto wako kwenye bembea, "Tiketi za familia, Pumpkin Show Circleville, basi kwenda na kurudi, nafasi zimebaki chache wahi sasa." Huo ni wizi. Hakuna kitu kama tiketi ya kuingia Pumpkin Show, lile tamasha la maboga la hapa Ohio, kuingia ni BURE, mtoto bure mkubwa bure, na wenyewe waandaaji wanajisifia miaka nenda rudi kwamba ndiyo shoo kubwa ya bure kuliko zote duniani.

Kwa wale wageni wa hapa nieleze kidogo ili muelewe kwa nini haiwezekani kukuuzia kiingilio. Circleville ni mji mdogo tu, uko kusini ya Columbus kama maili 25 hivi unashuka na barabara ya 23, ukiona lile tanki la maji limepakwa rangi kama boga ujue umefika. Hiyo sherehe ya mavuno ilianza 1903, meya wa wakati huo alipanga maboga na mabua ya mahindi mbele ya ofisi yake watu waje kutazama, basi ikakua ikakua mpaka leo wanakuja watu laki na laki. Na haifanyikii uwanjani wala ndani ya uzio. Wanafunga barabara za katikati ya mji, vibanda vinapangwa barabarani, bembea ziko barabarani, gwaride linapita hapo hapo mbele ya maduka. Hakuna geti. Unatembea tu kutoka ulikopaki gari unajikuta umeshaingia. Sasa mtu anayekuuzia tiketi ya geti, geti lenyewe liko wapi?

Mwaka jana waliolizwa ni wa nyumbani kwetu ndiyo maana naongea kwa uchungu. Mama yetu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Njombe, ni mkulima maisha yake yote, mahindi na viazi, na alipoonyeshwa kwenye simu lile boga linaloshinda mashindano, maana pale maboga makubwa yanapita pauni 1,500, yaani karibu kilo 700 boga moja, akasema hawezi kurudi bila kuliona kwa macho yake. Wifi yangu, mke wa kaka, akaona tangazo kwenye grupu la kina mama, limeandikwa Kiswahili safi kabisa, "karibuni dada zangu tuwapeleke wazazi na watoto." Familia ya watu watano dola 85, basi dola 12 kila kichwa, na akilipa kabla ya Jumatano watoto wanapewa mikanda ya kuvaa mkononi ya kupanda bembea bure. Akamuuliza yule dada maswali, yule dada anajibu vizuri, anatuma voisi noti, sauti ya upole, anauliza hadi mama ana miguu mizima au atafutiwe kiti cha mbele kwenye basi. Wifi akalipa kwa Zelle, ile ya kutumiana hela kwa simu kutoka benki hadi benki. Jina lililotokea kwenye Zelle lilikuwa la mtu mwingine kabisa, akaambiwa ni la mume wake. Zikaja tiketi, picha nzuri yenye boga la rangi ya chungwa na kile kimraba cha QR cha kuskani, wifi akaziprinti kwa rangi akazitia kwenye bahasha.

Jumamosi asubuhi tuko kwenye paking ya supamaketi moja kule Morse Road, ndiyo kituo cha basi tulichoambiwa, na hatukuwa peke yetu, kulikuwa na familia nyingine kadhaa, Wakongo wengi, na mzee mmoja wa Kirundi na wajukuu zake. Baridi ya Oktoba mnaijua, mama amejifunga kitenge juu ya koti, watoto wanaruka ruka wapate joto. Saa tatu kamili basi hakuna, saa tatu na nusu hakuna, yule dada anaandika dereva yuko kwenye foleni, baadaye anaandika basi limepata pancha, baadaye tiki moja tu ya kijivu, ujumbe haufiki tena, na picha yake ya profaili imeondoka. Yule mzee alikaa chini kwenye ukingo wa saruji akawa anawaangalia wajukuu zake tu haongei. Mimi hicho ndicho kilichoniuma kuliko hela zetu sisi, maana sisi tulikuwa na gari mbili nyumbani, yeye hakuwa na gari na hizo hela alikuwa amezichanga.

Tukagawana magari, tukambeba mzee na wajukuu wake, tukashuka Circleville wenyewe. Kufika pale wifi katoa bahasha yake anamuuliza polisi aliyekuwa anaongoza magari kwamba tiketi zinaonyeshwa wapi, yule polisi akaziangalia akasema hakuna tiketi hapa mama, ni bure, ingieni tu. Kile kimraba cha QR ukiskani kinafungua ile picha ile ile ya tangazo basi, hakuna kingine. Na sherehe yenyewe ilikuwa nzuri mno, nisiwaogopeshe msiende, nendeni. Kila kitu kinapikwa na boga, maandazi ya boga, ya kwao ya duara yale, supu, baga, aiskrimu, kuna bekari inaoka pai moja ya boga ukubwa wa futi 6 kutoka upande hadi upande inawekwa dirishani watu wanapiga picha. Mama alisimama mbele ya lile boga kubwa muda mrefu, akaligusa gusa ganda, akauliza na msusa wake wanaupeleka wapi, maana boga la hivyo majani yake yanalisha kijiji.

Sasa nisikilizeni kuhusu huyu tapeli anavyofanya kazi. Anawakamata watu wetu kwa sababu mashamba mengi hapa pembeni ya Columbus ukienda kuchuma maboga au kuingia kwenye zile njia za kupotea kwenye mahindi unalipa kweli na tiketi unanunua mtandaoni, na hata nyumbani Sabasaba pale Dar unalipa mlangoni, kwa hiyo mtu mgeni akisikia tiketi haoni ajabu yoyote. Msimseme vibaya aliyelipa jamani, wengi wanakaa kimya kwa aibu na huo ukimya ndio unampa huyu mtu nguvu ya kurudi mwaka wa pili. Angalieni hata tarehe. Tangazo jipya linasema "Ijumaa mpaka Jumapili." Pumpkin Show inaanza Jumatano ya tatu ya mwezi wa 10 na inaisha Jumamosi, kila mwaka ni hivyo, Jumapili mtakuta wanafagia barabara. Mtu anayekuuzia Jumapili hajawahi hata kukanyaga Circleville.

Bembea ni za kulipia ndiyo, lakini unalipa pale pale kwenye bembea, siyo kwa mtu wa WhatsApp. Paking na yenyewe ya kulipia ipo, wenyeji wanawaachia watu wapaki kwenye nyasi za nyumba zao, na utakuta kibao cha bei kimesimamishwa kando ya barabara, unampa hela mkononi unapaki. Wahini asubuhi na mbebe keshi. Hiyo "paking pasi ya VIP" ya dola 40 kwenye tangazo usiiguse.

Na kuna hii nyingine ambayo naona ndiyo mbaya zaidi, wengi hamjaisikia. Huyu huyu mtu, au wenzake sijui, ila voisi noti ni sauti ile ile, anawafuata kina mama wanaopika sambusa na mandazi anawaambia nina vibanda vya kuuzia Pumpkin Show, weka advansi dola 350 nikushikie nafasi, leseni ya chakula nakutafutia mimi iko ndani ya hiyo hela. Dada mmoja wa Kikongo kanipigia juzi alikuwa karibu kutuma, alishaanza hadi kuulizia bei ya unga wa jumla. Dada zangu, kibanda pale unaomba kwa waandaaji wenyewe, siyo kwa mtu wa kati, na leseni ya kuuza chakula kwenye tamasha hapa Ohio inatolewa na idara ya afya ya eneo husika, ni leseni ya muda, haizidi siku 5 mfululizo, unaiomba wewe kwa jina lako na unakaguliwa wewe. Hakuna mtu anayeweza kukuuzia ya kwake. Akikwambia "leseni ipo ndani" kata simu. Ukiwa na shaka tafuta namba ya idara ya afya ya Pickaway County, ndiyo kaunti ya Circleville, uliza mwenyewe.

Kama umeshalipa usikae. Kama ni kwa kadi ya kredit piga benki leo, waambie unapinga hayo malipo, huduma hukupewa, sheria inakupa siku 60 tangu stetimenti itoke na benki inalazimika kuchunguza. Kama ni debit nayo piga haraka haraka. Zelle na Cash App ndiyo ngumu, hela inafika papo hapo na kwa vile umeituma mwenyewe kwa mkono wako benki nyingi zitasema uliidhinisha, wifi yangu walimjibu hivyo hivyo, lakini ripoti hata hivyo, sema wazi kwamba mtu alijifanya anauza tiketi ambazo hazipo, na uombe jibu lao kwa maandishi. Kisha ripoti FTC, ile tume ya serikali ya Marekani inayopokea ripoti za utapeli, kwenye ReportFraud.ftc.gov au piga 877-382-4357, Kiingereza kisikusumbue, bonyeza 3 uombe mkalimani wa Kiswahili. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa Ohio nayo inapokea malalamiko ya wateja, 800-282-0515. Kuripoti hakukuulizi makaratasi yako ya uhamiaji, unaeleza ulivyoibiwa basi, kuna watu wanaogopa hapo nawaona.

Halafu baada ya kuibiwa atakuja mwingine inboksi anasema yeye ni wa kurudisha hela zilizotapeliwa, mpe dola 50 ya kufungua faili. Huyo ni mwizi wa pili na mara nyingine ni yule yule wa kwanza. Serikali haikutozi hela kukurudishia hela.

Msifute meseji zake hata kama zinakuudhi. Piga skrinshoti ya tangazo, namba, jina lililotokea Zelle, tarehe na saa, na zile voisi noti zihifadhi. Mimi zangu nimeshazipeleka na za familia tatu nyingine. Namba siwezi kuiweka hapa hadharani kwa sababu anabadilisha kila mara na naogopa mtu asiye na hatia akapewa namba hiyo kesho, ila maadmini wa magrupu nimewatumia moja moja, na kama wewe ni admini na hujapata niandikie nikutumie uitoe kwenye grupu lako leo. Na yule mzee wa Kirundi kama kuna anayemfahamu, alikaa upande wa Northland wakati ule, namba yake ilizimika, naomba mniunganishe naye maana risiti yake inahitajika kwenye malalamiko na hajui kama tumeshayafungua.