Kuku, mbweha na insha zetu za Jumamosi

Wanangu wawili na mpwa wangu hukaa nami barazani kila Jumamosi, hapa Kisauni, Mombasa, tukiandika insha. Kabla ya kupata kitabu cha picha cha Rosie's Walk, kila insha ilianza na jua kuchomoza na ndege kuimba, hata ile ya mwizi wa usiku wa manane.

Nilikipata kwa muuza vitabu vikuukuu, shilingi 300. Ni cha Pat Hutchins, kilichotoka mwaka 1968. Hadithi nzima ni sentensi moja ya maneno 32 ya Kiingereza: kuku anakwenda matembezi shambani, anarudi nyumbani kwa wakati wa chakula cha jioni. Mbweha anayemnyatia hatajwi popote. Yumo pichani tu, anakanyaga reki na mpini unamchapa usoni, anatumbukia bwawani, anamwagikiwa unga, mwisho anatimuliwa na nyuki. Niliwasomea kwa Kiswahili, kwa sauti kavu ya mtangazaji wa habari, nikajifanya sioni kitu. Mayowe! "Shangazi, nyuma yake!" Mpwa wangu aliinuka kabisa kumwonya kuku.

Kisha nikawapa kazi: andika sentensi moja, uchore kile isichokisema. Mpwa, aliye Gredi ya 4, akaandika: "Babu alitoka Marikiti na samaki wake, akapita kwa muuza viazi karai, akapanda feri, akafika Likoni salama." Pichani, kunguru anamwandama babu tangu sokoni, anatumbukia kwenye rojo la unga la kukaangia viazi karai, anakosa feri kwa hatua mbili. (Kunguru wa Mombasa, nani hamjui?)

Kitabu chenyewe hakina kosa, ila wasiojua Kiingereza wapate mtu wa kuwatafsiria. Kasoro niliiona kwenye njia yangu. Mpwa wangu aliipeleka sentensi ileile shuleni bila picha, mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Halafu?" Alikuwa na haki. Mtihani hauna mahali pa kuchora kunguru.

Jumamosi iliyofuata nikaficha kalamu za rangi. Nikamwambia, mlete kunguru kwa maneno, na jina lake usilitaje. Alitafuna penseli karibu nusu saa, nikadhani kashindwa. Akaandika: "Muuza viazi karai alishangaa kuona rojo lake limeota manyoya, tena linapiga kelele."