Lenzi ya Umbali Mmoja au ya Umbali Mbalimbali Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Lenzi bandia ya kwanza ya kuwekwa ndani ya jicho, badala ya lenzi ya asili iliyoingia ukungu, ilipandikizwa na daktari wa macho Harold Ridley jijini London mwaka 1949, na kwa miongo mingi lenzi za aina hiyo zililenga umbali mmoja tu. Lenzi ya umbali mmoja hukusanya mwanga wote mahali pamoja, kwa kawaida kwa ajili ya kuona mbali, hivyo vitu huonekana kwa uwazi hata jioni, lakini mtu huhitaji miwani ili asome ujumbe wa simu au atunge uzi kwenye sindano.

Lenzi ya umbali mbalimbali huugawa mwanga huohuo kwa ajili ya mbali na karibu. Faida yake si ndogo, kwani wengi husoma gazeti na kutazama barabara bila miwani. Hata hivyo, mwanga uliogawanywa hupunguza uwezo wa kutofautisha vitu panapokuwa na giza kidogo, na taa za gari linalokuja usiku huzungukwa na miduara ya mwanga. Ubongo huzoea polepole, pengine kwa miezi kadhaa, ingawa wapo wachache ambao hulazimika kubadilishiwa lenzi kwa upasuaji mwingine, jambo ambalo nadhani huelezwa kwa haraka mno kabla mgonjwa hajalipa gharama ya ziada.

Dereva wa usiku, au mtu ambaye retina yake (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imeathiriwa na kisukari, ningemsihi achague lenzi ya umbali mmoja.