Choo cha mboji baada ya masika mawili Mikindani: kinafaa, ila hakipendi maji

Karibuni. Mkisikia upepo kwenye sauti mnivumilie, ni kusi hiyo, na mimi nimesimama nyuma ya choo. Kazi yote iko huku nyuma.

Wengi mmeniuliza juu ya sinki hili la plastiki la kutenganisha mkojo. Ngoja niisogeze kamera. Bakuli la mbele linapokea mkojo, unakwenda kwenye dumu. Tundu la nyuma linadondosha choo kikubwa chumbani. Chini nimejenga vyumba viwili vya tofali, vyote juu ya ardhi: kimoja kinatumika, kingine kimefungwa kinaoza. Mbona sikuchimba shimo kama watu? Kwangu hapa ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la matumbawe. Na ukilivunja, masika yakija maji yanapanda, shimo linakurudishia ulichokipa.

Sinki lenyewe nalipatia alama nane kati ya kumi. Plastiki nene, linasafishika. Mbili nimezikata kwa sababu ya mpira wa mkojo uliokuja nalo, mwembamba kama kidole. Mkojo huacha magamba magumu meupe kama chokaa, na ule mpira uliziba mwezi wa tatu. Sasa nimeweka bomba la inchi 2, limeteremka vizuri, halina kona kali. Kila mwezi namwagia birika la maji ya moto na siki.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo muuzaji hakuniambia: kiangazi kina matunzo yake na masika yana yake.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba hivi, raha. Kusi inavuta hewa kwenye bomba lile jeusi la kutolea hewa chumbani, harufu husikii. Shida ni rundo kukauka. Likikauka sana, vijidudu vinavyoozesha vinalala, na baada ya mwaka unafungua mlango unakuta mavi makavu, mboji hakuna. Vaa glavu, chota, finya hivi. Mnaona? Limeshikana na halichuruziki. Lingepukutika ningenyunyiza maji kopo moja. Kopo, siyo ndoo! Halafu chini ya tundu huota kichuguu. Kila Jumamosi nakisawazisha kwa reki ya mpini mrefu.

Kiangazi hichohicho ndipo unapoweka akiba ya maranda. Kila anayetoka chooni anamwaga kopo moja. Majani makavu ya mkorosho yaliyopondwa nayo yanafaa. Majivu yanakausha na yanapunguza vimelea, lakini ukitumia majivu matupu kuoza kunakwama, na yakilowa yanaganda kama saruji. Mimi nachanganya makopo matatu ya maranda na moja la majivu. Kuna aliyeuliza maganda ya korosho. Hapana, ndugu yangu. Akina mama wanaobangua watakwambia yale mafuta yanavyobabua vidole, sasa wewe uje uyashike siku ya kutoa mboji?

Mwaka wa kwanza maranda niliyaweka kwenye magunia, nikayafunika turubai chini ya mwembe. Mvua za Desemba zikaingia. Maranda yaliyolowa hayafyonzi kitu. Wiki moja tu, harufu mpaka barazani, na funza wanapanda ukutani. Sasa hivi akiba iko juu ya uchaga jikoni, mke wangu amenuna lakini ni kavu.

Kwa hiyo Oktoba, kabla wingu halijajikusanya, napanda juu kuangalia wavu wa bomba la hewa. Nzi akiwa chumbani hufuata mwanga wa bomba, anakwama kwenye wavu, anafia hapo. Wavu ukitoboka ndiyo umemfungulia njia. Kipande cha chandarua jua lilikila mapema, nikaweka wavu wa alumini. Halafu naziba nyufa za mlango huu wa nyuma, na nazibua mchirizi maji ya paa yasije yakatuama hapa.

Lakini maji yaliyotutesa zaidi hayakutoka mbinguni. Sisi watu wa pwani tunatawaza kwa maji, na tundu la nyuma halitakiwi kuingia hata tone. Nimejenga pembeni pa kutawazia, maji yanakwenda kwenye mgomba. Sikukuu ya Idi mama mkwe akaja kukaa siku nne. Mimi mkwewe nitaanzaje kumweleza mambo ya chooni? Nikadhani mwenzangu amemwambia, naye akadhani pameonekana. Siku ya tatu rundo lilikuwa uji. Nilimwaga maranda ya mwezi mzima kulikausha. Siku hizi nimechora mchoro ukutani, na mgeni akifika, wa kike anaelekezwa na mke wangu, wa kiume na mimi.

Kutoa mboji: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unasema kwenye joto la nyuzi 20 mpaka 35, chumba kikae kimefungwa zaidi ya mwaka, bila kuongeza kitu. Mayai ya minyoo ndiyo magumu kufa. Mimi nakiacha mwaka na nusu. Hii hapa ya chumba cha kwanza, nyeusi, inanuka udongo wa msituni. Naifukia kwenye mipapai na mikorosho, kwenye mchicha sipeleki. Mkojo naongeza maji mara tano, namwaga chini ya migomba, mbali na majani.

Ukiwa na nyumba ya kupangisha, wapangaji wanabadilika kila mwezi, usinunue; nani atakuwa anawaelekeza? Ukiwa na familia yako na eneo ambalo maji ya ardhini yako juu kama huku, nunua, ila mpira wao uache dukani. Vipimo vya vyumba nitawawekea hapo chini. Dumu limejaa, nakwenda kwenye migomba.