Shimoni kwa wapenda mshipi: kina kipo karibu, mkondo nao ni mkali

Kwa anayevua kujifurahisha na kulipa petroli kutoka mfukoni mwake, pwani ya kusini ya Kenya haina pa kushindana na Shimoni. Ukishavipita visiwa vya Mpunguti, maji huanza kuzama kuelekea Mkondo wa Pemba, ambao kina chake huzidi mita 800. Mafuta ambayo kwingine huishia njiani, hapa huishia kwenye uvuvi wenyewe. Hori ya Mtwapa ni tulivu zaidi, na mwanafunzi wa mshipi aanzie huko.

Watu wengi hukosea siku. Kabla ya kulipa boti, hesabu mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na mlango kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini ni mwembamba. Mkondo hukaza hapo, na chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) ya gramu 200 haifiki chini. Mshipi hulala ubavu na samaki akidonoa mkono hauna habari. Chagua maji mafu, kama tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu. Hata hapo, saa nzuri ni ile maji yanapokaribia kusimama na yanapoanza tena kutembea.

Kwa changu na tewa, nailoni ya kilo 30 hadi 40 inatosha, na ndoana mbili juu ya chubwi. Chambo ni ngisi. Mkate vipande vyembamba vya urefu wa kidole, umchome mara mbili karibu na ncha moja, mkia ubaki ukining'inia. Akikusanywa kama donge, huzunguka kwenye mkondo kama pia na kusokota mshipi mzima, kisha lawama anapewa muuza nailoni. Tewa akishika, mnyanyue mita mbili tatu za kwanza bila kupumua. Ukimlegezea anaingia pangoni, anapanua matamvua, na hapo ni kukata tu.

Nanga nayo ina mambo yake. Kamba iwe angalau mara tatu ya kina: penye mita 20, toa mita 60, na zaidi upepo ukivuma. Nanga ya nondo laini ndiyo inayofaa, kwa sababu ikinasa mwambani meno yake hunyooka ikivutwa na mashine. Tafuta mchanga kando ya mwamba. Usiidondoshe juu ya matumbawe.

Nje, kwenye kina, kazi ni kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayotembea. Msimu wake ni kaskazi, takriban Novemba hadi Machi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, bahari huchafuka na boti nyingi kubwa hupandishwa pwani kwa matengenezo. Chambo bandia hukokotwa kwa mwendo wa kilomita 11 hadi 15 kwa saa. Nguru ana meno ya wembe, kwa hiyo mbele ya ndoana weka waya wa sentimita 30 au 40. Breki ya rili ikazwe kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 24, breki kilo 6 hadi 8, ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza. Wageni hukaza kwa kubahatisha, na jodari wa kwanza huondoka na chambo, waya na kila kitu. Sulisuli hurudishwa baharini, na boti makini humtia alama kwanza.

Mipaka ijulikane. Kisite ni hifadhi ya taifa ya baharini chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya: humo ni kuogelea na kutazama matumbawe, kuvua hapana, hata kwa kurambaza ukipita. Mpunguti wanaruhusiwa wavuvi wa zana za asili. Nahodha asiyeweza kukuonyesha mpaka huo kwenye GPS, mtafute mwingine.

Kwenye bei, uliza kama ni ya boti au ya kila kichwa, kama mafuta na chambo vimo, na samaki ni wa nani. Kwenye boti kubwa, desturi ni samaki kubaki kwa mwenye boti, na ugomvi wa gatini huanzia hapo.

Kabla ya kung'oa nanga, vaa jaketi la kuokolea na ujaribu kila kifungo. Tazama mashine ikiwashwa: inakojoa? Uzi wa maji ya kupoza ukiwa hafifu au haupo, teremka, maana itaungua katikati ya mkondo. Petroli igawanywe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la akiba. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa saba mchana upepo huwa umeshaanza kuinua mawimbi, na chakula cha kaa Wasini kinasubiri.